Kikombe cha Mfuto

Nchi ninayoisimulia iko mbali. Iko mbali kiasi kwamba hata nikiitaja hutaijua, kwa hiyo sitaitaja. Msomaji akiona humu jambo linalomkumbusha mtaa wake, waziri wake au rafiki yake, asinilaumu mimi. Aende akapimwe macho.

Watu wa nchi hiyo walikuwa na desturi yao ya kukopana sukari. Mtu akiishiwa, alikwenda kwa jirani na kikombe kitupu, akatiliwa kikombe cha mfuto, yaani kilichopitishwa kidole mdomoni mpaka sukari ikawa bapa kama sakafu. Siku ya kulipa alirudisha kikombe cha tele: sukari imepanda juu ya mdomo wa kikombe na kufanya kilele, na mwenye kukibeba anatembea taratibu, pumzi ameibana, watu wanampisha kama aliyebeba mtoto mchanga.

Akifika, maneno yalikuwa yale yale.

"Aa, umezidisha bwana. Punguza."

"Sipunguzi."

"Nitakasirika."

"Kasirika."

"Basi kaa tunywe chai."

Na chai hiyo ilitiwa kile kilele. Aliyekopesha hakupata faida, kwa kuwa ziada iliingia matumboni mwa wote wawili. Aliyekopa hakupata hasara, kwa kuwa nusu yake aliinywa mwenyewe. Kilichopatikana ni kukaa pamoja. Kumrudishia rafiki kikombe cha mfuto ilikuwa sawa na kumwambia, "Tumemalizana," na neno hilo kwetu aliambiwa mwenye nyumba siku ya kuhama, au mtalaka siku ya kugawana vyombo. Rafiki hakuambiwa.

Nimesema kwetu. Basi, limeshanitoka.

*

Mimi jina langu Shaame. Mama yangu, Bi Mize, alikuwa akikaanga vitumbua. Hakuwa na mtaji. Mtaji wake ulikuwa mtaa. Asubuhi alikopa sukari kwa huyu na mchele kwa yule, jioni akarudisha tele, na kwa mzunguko huo tulikula, tukavaa, na mimi nikapata nafasi ya kukaa kibarazani kutunga mashairi. Ushairi sikufundishwa na mtu. Nilihesabu mizani kwa vidole mpaka vidole vikazoea, na sioni kwa nini nilitaje jambo hilo kwa unyenyekevu. Arusi za mtaa mzima ziliimba maneno yangu.

Ukuta kwa ukuta na sisi aliishi Machano. Tulikua pamoja. Mama alimlisha kwa mkono wake miaka ambayo kwao hapakuwa na moto jikoni. Mimi nilimfundisha kuhesabu mizani, naye akawa anasoma mashairi yangu huku midomo ikimchezacheza, anatafuta kosa asilipate. Alipokua akapata kazi ya kumbebea Waziri mkoba katika Wizara ya Ukarimu na Ujirani Mwema.

Alasiri moja alikuja kurudisha kikombe chetu. Kilikuwa tele hasa, kilele kimechongoka. Nilikitazama, nikasema bila kufikiri:

"Kikombe kisicho tele, rafiki hakukileta."

Machano akahesabu kwa midomo. Nane, nane.

"Huo umeutoa wapi?"

"Umetoka wenyewe."

"Niazime."

"Nini?"

"Huo mstari. Wizarani wanatafuta neno la kuandika kwenye bango, wamekaa vikao na vikao hawajapata. Niazime, nitaurudisha."

"Mfuto au tele?"

"Wewe Shaame! Mimi nimewahi kukurudishia mfuto?"

Tukacheka, mama naye akacheka kutoka jikoni, na birika likamiminwa kwenye vikombe. Chai ilikolea.

*

Wiki iliyofuata Waziri wa Ukarimu, Mheshimiwa Ngwali, alihutubia taifa. Nyuma yake palitundikwa bango lenye mstari wangu, na chini ya mstari paliandikwa: Maneno ya Mheshimiwa Ngwali.

"Ndugu wananchi," alisema, "nchi nyingine zimejaliwa dhahabu. Nyingine zimejaliwa mafuta. Sisi tumejaliwa kilele! Je, tumekipima? Hatujakipima. Je, tumekisimamia? Hatujakisimamia. Tumekiacha kikitokea ovyo, kila mtu na kilele chake, kwa mapenzi tu! Ndugu zangu, taifa haliwezi kwenda kwa mapenzi tu!"

Watu walipiga makofi. Mimi pia nilipiga, maana mwenye kupiga makofi haulizwi amekubaliana na nini.

Ndipo ikatoka Sheria ya Tele. Kila mkopo wa rafiki lazima urudishwe na kilele, na kilele kisipungue urefu wa kidole gumba cha Mheshimiwa Waziri. Bahati mbaya, siku ya kukipima kidole hicho, Mheshimiwa alikuwa amebanwa na mlango wa gari na kidole kimevimba kama mhogo. Wataalamu walishauri kisubiriwe kinywee. Waziri akasema Serikali haisubiri uvimbe. Kikafinyangwa kwa saruji hivyo hivyo kilivyo, na kila ofisi ya mtaa ikapewa kidole chake. Ungemwona bibi kizee amepiga magoti mbele ya karani, anajenga sukari ifikie kucha ya Waziri, inaporomoka, anajenga tena.

Nilimfuata Machano.

"Mstari wangu umefika kwa Waziri."

"Umefika. Ameupenda sana."

"Ataurudisha lini?"

"Bwana, Waziri harudishi. Waziri anaenzi."

"Mimi sikumwazima Waziri. Nilikuazima wewe."

"Na mimi nimekumbuka fadhila. Nimepandishwa cheo kwa ajili ya huo mstari, Shaame. Sasa mimi ni Mkaguzi. Ukipata shida yoyote ya vilele, niite mimi."

Nikarudi nyumbani. Nilijiambia kuwa rafiki akipanda, nawe umepanda. Nilikuwa kijana.

*

Baadaye Serikali ikagundua jambo. Vilele vyote hivi, vyenye kimo cha kitaifa, vilikuwa vinaishia kwenye chai. Waziri alisikika akilia redioni. Alisema ameota anaona milima ya nchi yake ikizama ndani ya birika.

Ikatoka sheria ya pili: kilele ni mali ya umma. Anayerudishiwa kikombe asikiguse kilele. Akifute kwa kifutio, akitie kwenye bahasha ya karatasi, akipeleke Ofisi ya Kilele kabla jua halijazama. Vifutio vyenyewe vilikuwa vibao vyembamba vya plastiki, na kila nyumba ililazimishwa kununua kimoja. Vilitengenezwa na shemeji yake Waziri, aliyekuwa na kiwanda cha vitana kilichofilisika, na ukikitazama vizuri ungeona upande mmoja bado una meno.

Wananchi wakatii. Mtu alikopa mfuto, akarudisha tele, akapokewa mfuto. Maneno ya mlangoni yakabadilika.

"Umezidisha, bwana."

"Sipunguzi."

"Usijali, napunguza mimi."

Na kifutio kikapita, kwaa! Baadaye mtu alikaribishwa chai, chai haina kitu, watu wanatazamana juu ya vikombe kama wagonjwa waliokutana zahanati. Baada ya muda wakaacha kukaribishana.

Mwandishi mmoja wa habari aliuliza vilele vinakwenda wapi. Mheshimiwa Ngwali akajibu kwa ukali kwamba vinakwenda mahali pake, yaani kwenye Mkutano wa Kilele. Ulikuwa mkutano mkubwa kweli. Viongozi walikunywa chai, wakaafikiana kwamba ilikolea, wakaahidi kukutana tena.

*

Sasa nifike kwenye jambo langu.

Mama alikuwa amekopa kikombe kwa Machano. Jioni nikakirudisha mimi, tele, kilele ambacho kidole cha saruji kingekionea haya. Manyunyu yalikuwa yakianguka, kwa hiyo nilikifunika kwa kawa. Karani wa mtaa alikuwa kasimama kwenye kona chini ya mwavuli wa Serikali. Aliniona ninapita na kikombe. Kilichokuwa chini ya kawa hakukiona.

Machano akanifungulia, akafunga mlango nyuma yangu.

"Umezidisha, bwana," alisema.

"Sipunguzi."

Nikangoja kifutio. Kilikuwa pale mezani, bado kiko ndani ya nailoni yake. Machano akakitazama, akatazama dirisha, akaachia pazia. Kisha akachukua kikombe na kumimina kilele chote ndani ya birika kwa mkono wake mwenyewe.

"Machano! Wewe ni Mkaguzi."

"Koroga, usiseme sana. Leo nataka kunywa chai na mtu."

Tulikunywa. Alilegeza tai, akavua beji, akanisimulia jinsi Waziri anavyolala kwenye vikao huku akitikisa kichwa kukubali. Tulicheka mpaka akanishika bega asianguke. Wakati wa kutoka akaniambia, "Usimwambie mtu." Nikamjibu, "Nimwambie nani? Rafiki ninaye mmoja." Nilikwenda nyumbani nikiwa na furaha hata nikakosa usingizi, na sikutunga kitu, maana nilidhani hakuna cha kuongeza.

Kesho yake nikaitwa Barazani. Karani aliona kikombe kinaingia, na Ofisi ya Kilele haikuona kilele kikitoka.

*

Baraza la Ukarimu lilikaa chini ya bango lenye mstari wangu. Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Ngwali mwenyewe. Mezani waliweka kikombe, kitupu, kimeoshwa, kama kielelezo.

"Mambo ni mawili," alisema Waziri. "Ama kikombe kilirudi tele, na hapo Mkaguzi wetu amekunywa mali ya umma. Ama kilirudi mfuto, na hapo huyu kijana ni bahili, na nyumba yake itahesabiwa nyumba ya mfuto. Hatakopeshwa mtu wa nyumba hiyo. Hataongezwa. Hatazidishiwa. Chumbani walikuwa watu wawili tu. Mshitakiwa, unasemaje?"

"Kilikuwa tele, Mheshimiwa."

"Kila bahili husema hivyo. Shahidi aje."

Mama alikuwa benchi la nyuma, leso mkononi. Nyumba ya mfuto haikaangi vitumbua. Hilo kila mtu mle ndani alilijua. Lakini wallahi mimi sikuwa na hofu hata kidogo. Nilimtazama Machano akija mbele kama mtu anavyoutazama mlango wa kwao.

Machano akairekebisha beji yake.

"Kikombe kilikuja mfuto au tele?" akaulizwa.

"Mfuto, Mheshimiwa."

"Una hakika?"

"Bapa kabisa. Nilisikitika. Ni mtu niliyemdhania mengi."

Angalieni, jamani. Waziri alimwomba neno moja tu. Yeye alirudisha tele.

Nilisimama. Nilisema, "Machano, nitazame." Akaangalia kikombe. Waziri akagonga meza, akaninyooshea kidole kile kile, ambacho sasa kilikuwa kimenywea na kuwa kidogo kama cha mtu yeyote.

"Kijana, unajua kusoma? Geuka usome bango."

Nikageuka. Nikasoma kwa sauti, "Kikombe kisicho tele, rafiki hakukileta."

"Umesikia ulivyosoma? Mstari unakuhukumu."

"Mstari huo ni wangu, Mheshimiwa. Nimeutunga mimi."

Ukumbi ukacheka. Hata walinzi walicheka, na walinzi wa nchi ile hawana ruhusa ya kucheka.

"Shahidi," alisema Waziri kwa upole, "mstari huu ni wa nani?"

"Ni wako, Mheshimiwa."

"Basi karani aandike: ubahili, na juu yake wizi wa maneno."

Hata makosa yangu waliyatia kilele.

*

Machano alinikimbilia nje.

"Shaame, ndugu yangu, subiri. Ningesema tele ningefungwa jela. Wewe hukufungwa. Umepewa mfuto tu."

"Mama atakaanga nini kesho?"

"Nitamletea mimi, kwa mlango wa nyuma."

"Cha mfuto au cha tele?"

Gari la Wizara lilipiga honi, akaenda.

Mtaa wetu ni wa watu watiifu. Sheria ilisema tusizidishiwe, haikusema nini, kwa hiyo hawakutuzidishia chochote. Waliokuwa wakituuliza habari za nyumbani, za kazi na za afya, sasa walisema "Hujambo" na kupita. Kinyozi alininyoa bapa. Muuza samaki alikuwa na desturi ya kumtupia mama dagaa wa juu. Sasa alikaa na mizani yake mpaka ilipotulia kabisa, na dagaa aliyezidi alimkata kichwa. Sikuwachukia. Kila mmoja alikuwa na kifutio chake ukutani na watoto ndani.

Mama akakitundika ukutani chuma cha kukaangia vitumbua. Alianza kuchambua mchele wa watu kwa ujira. Hakulalamika. Siku moja tu, ungo magotini, aliniuliza:

"Hiyo chai, Machano aliinywa?"

"Aliinywa, mama."

"Ikakolea?"

"Ikakolea sana."

"Basi anajua," alisema, akaendelea kuchambua.

Machano hakuja kwa mlango wa mbele wala wa nyuma. Nilisikia amekuwa Mkurugenzi wa Kilele. Kikombe chetu kimoja kilikuwa kwake tangu kabla ya kesi, alikuwa ameazima sukari kwa mama akajisahau. Sikukidai. Kuna vitu ukividai umeshaviharibu.

*

Mwaka ulipogeuka ikaja Wiki ya Ukarimu. Waziri alihitaji msamaha wa kuonyesha kwenye televisheni, wakatafuta bahili wa kumsamehe, wakakuta ni mimi.

Wakaja mlangoni kwetu mchana kweupe, na tarumbeta, na wapiga picha, na viti vya Wizara vilivyofunikwa vitambaa. Bango wakalitundika ukutani kwetu bila kubisha hodi. Mheshimiwa Ngwali akahutubia.

"Serikali hii inakemea, lakini pia inabembeleza. Leo Mkurugenzi wetu, aliyeumizwa na kijana huyu, anamletea kijana huyo huyo kikombe cha tele! Akikipokea kwa tabasamu, hukumu imefutwa, na Bi Mize akaange vitumbua mpaka mikono imchoke."

Machano akatoka garini akiwa amekibeba kikombe. Kilikuwa chetu, nilikijua kwa ule ufa mdogo karibu na mkono wake. Alitembea taratibu, pumzi ameibana, na kilele kilikuwa kirefu kuliko vyote nilivyowahi kuona. Nadhani kilisimamishwa kwa maji. Alikuwa amenenepa. Suti ilimkaa vizuri.

"Shaame," aliniambia kwa sauti ndogo, "pokea, yaishe. Nimekirudisha tele. Si unaona?"

"Naona."

"Sema basi. Sema umezidisha bwana."

Wapiga picha walisogea. Niligeuka kumtazama mama, maana chuma cha ukutani kilikuwa chake na uamuzi ulikuwa wake. Mama alikuwa mlangoni. Aliingia ndani, nikadhani ameondoka asione. Akarudi na kifutio cha Serikali, ambacho siku hizo alikwangulia masizi, akakipangusa kwa ncha ya kanga na kuniwekea mkononi.

"Tabasamu!" alipiga kelele mpiga picha.

Nikakichukua kikombe kwa mkono wa pili. "Kinga mikono," nikamwambia Machano.

Akakinga. Kazi ya kukagua ilikuwa imemfundisha kwamba mali ya umma haimwagwi chini. Nikapitisha kifutio mdomoni mwa kikombe, mara moja, kwaa, na kilele chote kikaingia viganjani mwake. Sukari iliyobaki ilikuwa bapa kama sakafu.

"Unafanya nini?" Waziri aliuliza.

"Natekeleza hukumu yako, Mheshimiwa. Mimi ni mtu wa mfuto. Nisizidishiwe."

Tarumbeta moja ilijisahau ikalia, ikanyamazishwa. Machano alikuwa amesimama juani, viganja vimejaa, hawezi kupangusa jasho, hawezi kushika kitu, hawezi hata kuirekebisha beji. Sukari ilianza kuyeyuka na kumchuruzika ndani ya mikono ya suti.

"Machano," nilimwambia, "hiki ndicho changu. Tumemalizana."

Aliinua macho. Hakunitazama mimi, alitazama nyuma yangu, ukutani, kwenye bango. Nilimwona akilisoma. Midomo ilimchezacheza, taratibu, nane, kisha nane, kama nilivyomfundisha, akitafuta kosa.

Ndani birika lilikuwa linachemka. Mama akapokea kikombe, tukaingia, akafunga mlango.